Nilihamisha Ripoti ya Damu, Wifi Yangu Akasimamishwa Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha na hasira hiyo haijanifikisha popote.

Nina miaka thelathini na tisa, mume na watoto wawili, na kazi yangu ni takwimu katika hospitali moja kubwa. Wenzangu wananiita Mama Takwimu, jina ambalo zamani nililipenda na siku hizi nikiitwa nashtuka kama mtu aliyekamatwa. Hospitali yetu ina mfumo wa kompyuta wa kuchambua takwimu, na humo kila ripoti ni apu yake, ukiibonyeza inafunguka na michoro na namba zake, vitanda vingapi viko wazi, dawa gani inakaribia kwisha, damu imebaki chupa ngapi. Tatizo ni kwamba kila aliyewahi kuhitaji ripoti alitengenezewa ya kwake, na kila aliyeogopa kuharibu ya mwenzake alitoa nakala, basi ukurasa wa mbele ukawa kama kabati moja la nguo za ukoo mzima, apu mia mbili na kumi na nne zimerundikana, kuna Damu, Damu Mpya, Damu Mpya Mbili, Damu ya Mwisho, Damu ya Mwisho Kabisa, na moja inaitwa Usifute Hii ambayo mpaka leo hakuna anayejua ni ya nani.

Jumatano moja mkuu wa kitengo chetu akaniambia, "Mama Takwimu, wageni wa makao makuu wanakuja Jumatatu. Tengeneza folda, panga kila kitu kwa idara, nataka ukurasa wa mbele uwe msafi." Nikamwambia kazi hiyo inataka wiki mbili na mtu wa pili, maana kila apu lazima ifunguliwe ijulikane kama iko hai au ni nakala iliyokufa. Akacheka. "Kupanga folda tu? Mbona unaongea kama umeambiwa ujenge ghorofa?"

Nikapanga peke yangu, mshauri, siku hizo mtoto wangu mdogo ana homa na mimi nimelala kwa kuibia, na ilipofika Ijumaa saa tisa alasiri zilikuwa zimebaki apu sitini na kitu, macho yamekuwa kama yametiwa mchanga, nikaacha kuzifungua nikaanza kwenda na majina. Zilikuwepo mbili zenye jina moja herufi kwa herufi, Akiba ya Damu. Moja ilikuwa hai, inasoma namba mpya kila asubuhi. Nyingine ilikuwa nakala ambayo mtu aliitoa mwezi uliopita kwa ajili ya mkutano, namba zake zimeganda. Moja nikaiweka kwenye folda ya Maabara, nyingine kwenye folda ya Za Zamani, nikazima kompyuta nikaenda nyumbani. Niliziweka kinyume.

Sasa nikueleze kuhusu wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka minne, na yeye ndiye mtunza benki ya damu katika hospitali hiyohiyo. Kila asubuhi anafungua jokofu, anahesabu chupa kwa mkono wake, anajaza fomu kwenye kompyuta, na ile apu inasoma fomu yake. Daftari la karatasi lilifutwa mwaka jana. Yeye haagizi damu, anayeagiza ni mkuu wa maabara, naye huagiza kwa kutazama apu. Baada ya mimi kupanga folda zangu, mkuu wa maabara akawa anafungua folda ya Maabara kila siku na kuona damu ya kundi O hasi, ile ya dharura inayofaa kupewa mtu yeyote, ipo chupa kumi na nne, na kwa kuwa damu hiyo haiguswi kila siku, hakushangaa namba kukaa palepale. Wifi yangu alikuwa anajaza mbili. Alimkumbusha hata kwa mdomo, wamekutana kwenye ngazi, akajibiwa, "Naona kwenye skrini, dada, tuko vizuri," naye akaelewa kwamba nyingine ziko njiani.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji akaanza kutoka damu nyingi. Wakatumia zile mbili. Wakataka ya tatu, hakuna. Gari la wagonjwa likatumwa hospitali nyingine kuomba, likachukua dakika hamsini kwenda na kurudi, na dakika hizo hamsini nilizisikia zote kwa sababu ofisi yangu iko korido moja na chumba cha upasuaji na wauguzi walikuwa wanakimbia. Yule mama hakufa, Mungu ni mkubwa, lakini alilala siku tisa chumba cha wagonjwa mahututi na mwanawe wa kwanza alibebwa na watu wengine siku zote hizo.

Na mimi, wakati wenzangu wanaulizana damu imekwenda wapi, nilifungua folda, nikaona, na kabla sijafikiri lolote nikazibadilisha, iliyo hai nikairudisha Maabara, iliyokufa nikaitupa Za Zamani. Nilijidanganya kuwa ninarekebisha. Kumbe mkuu wa maabara alikuwa ameshapiga picha skrini yake kwa simu, kumi na nne inaonekana waziwazi na tarehe ya siku ile kwenye saa ya kompyuta pembeni. Uchunguzi ulipoanza wakaniagiza mimi, mtu wa takwimu, niwachapie ripoti. Nikawachapia. Ikasema mbili. Wakaweka picha na karatasi pamoja, wakaona kwamba asubuhi namba ilikuwa kumi na nne na mchana imegeuka mbili, na mwenyekiti wa uchunguzi akaniuliza mbele ya watu, "Namba hizi zinaweza kubadilishwa baadaye?" Nikajibu, "Ndiyo, anayejaza fomu anaweza kurekebisha." Ni kweli, mshauri. Sikusema uongo hata neno moja. Wifi yangu akasimamishwa kazi siku hiyohiyo kwa kughushi takwimu.

Hii ni wiki ya sita. Hawezi kukaa kwake peke yake, anakuja kwetu kila siku tukiwa tunakunywa chai, anafua, anapiga pasi, ananipigia pasi mimi blauzi ninayoivaa kwenda kwenye ofisi iliyomsimamisha. Juzi ameishika pasi hewani akaniuliza, "Wifi, wewe ule mfumo unaujua. Hebu niambie nilikosea wapi. Maana naanza kuamini kweli nilijaza kumi na nne. Labda akili yangu inaniacha." Nikamwambia atulie, mambo yatakwenda vizuri. Mume wangu akanishukuru kwa kuishi vizuri na dada yake.

Na nikuambie la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Mama mkwe wangu amekuwa akinitajia huyu binti yake miaka kumi na miwili, mwangalifu, hakosei, tazama anavyokunja hata taulo. Siku aliyosimamishwa, pamoja na hofu yangu yote, kuna kitu kidogo ndani yangu kilipumua. Nimekiona. Najua kipo.

Mfumo unaweka historia. Kila apu inayohamishwa inaandika nani ameihamisha, tarehe na saa, na wanaoweza kuiona historia hiyo ni mimi na fundi wa mitambo, ambaye hakuna aliyemuuliza. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi ijayo. Nikisema, nitapoteza kazi na labda ndoa. Nisiposema, yeye atafukuzwa, na nadhani pia atapoteza akili. Nimechoka, mshauri, nimechoka mpaka nikiona folda yoyote, hata ya karatasi, nageuza uso. Nifanye nini?

Ni mimi, Niliyehamisha

*

JIBU

(Jibu hili lilimfikia mwandishi kwa simu siku ileile barua yake ilipofika, kwa kuwa kikao kilikuwa kimebakiza siku sita. Tunalichapa sasa, kwa ruhusa yake na ya wifi yake.)

Mama Takwimu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na hasira nimepata, lakini nimekuonea huruma pia, hivyo nitakupa vyote viwili na wewe uvipokee.

Nimefanya kazi ofisi ya utumishi miaka ishirini na mbili kabla ya kukalia kiti hiki, na makosa kama lako la Ijumaa nimeyaona mengi. Mtu mmoja, ripoti mia mbili na kumi na nne, siku tatu, mtoto mgonjwa, na bosi anayedhani kupanga folda ni kama kufagia varanda. Ulisema kazi inataka wiki mbili, ukachekwa. Kwa kosa la Ijumaa saa tisa, mimi sina neno kali la kukuambia.

Neno kali ninalo kwa ulichofanya siku ya kumi, na wiki sita zilizofuata. Ulipozirudisha zile apu kimyakimya ulimgeuza mwanamke aliyehesabu sawasawa akawa mghushi. Unaniambia hukusema uongo hata neno moja. Mama, usinichezee. Uliulizwa swali ukachagua kipande cha ukweli chenye makali upande wake. Sasa anasimama nyumbani kwako na pasi mkononi, anakuuliza kama akili yake ni nzima, na mtu pekee duniani mwenye jibu anamwambia atulie. Kazi anaweza kupata nyingine. Kujiamini kwake unakula wewe, kila siku, pamoja na chai.

Kwa hiyo sikiliza. Leo, kabla hujatoka ofisini, chapa historia ya mabadiliko ya zile apu mbili, nakala tatu, yenye jina lako mara zote ulizozihamisha. Baada ya hapo usiguse kitu chochote katika mfumo huo, hata kama unaona kimekaa vibaya.

Ukifika nyumbani mtafute wifi yako kabla ya mume wako, kwa sababu aliyeumizwa ni yeye. Usianze na uchovu. Usianze na homa ya mtoto wala mkuu wa kitengo. Mwambie, "Ulijaza mbili. Mimi ndiye niliyehamisha ripoti." Hayo ndiyo maneno anayoyahitaji, na anayahitaji kuliko msamaha wako. Ukishayasema mpe karatasi, kisha nyamaza. Akitaka kupiga kelele, apige. Akitaka kuondoka, mfungulie mlango. Usimshike mkono, usilie kuliko yeye.

Kile kitu kidogo kilichopumua ndani yako, hicho usimwambie. Si siri ya hatari, ni aibu yako tu, na ukimwambia utakuwa unamtwisha ili wewe upate nafasi. Kaa nacho mwenyewe. Na yule mama mkwe anayekunja taulo kwa mdomo, siku moja mume wako amwambie aache, lakini si mwezi huu.

Mume wako mwambie jioni hiyohiyo, kwa maneno yaleyale, bila kumwomba achague upande.

Kesho asubuhi mwandikie mwenyekiti wa kikao. Ukurasa mmoja. Ulihamisha nini na lini, ukarudisha lini, uliulizwa nini, na ulinyamazia nini. Hilo la mwisho usiliruke, maana ndilo utakalotaka kuliruka. Ambatanisha historia. Usisubiri Alhamisi uje uinuke katikati ya kikao kama mtu wa kwenye mchezo wa kuigiza. Wifi yako anastahili kuingia pale akijua. Habari ya mkuu wa kitengo na siku zake tatu iandike kwenye karatasi nyingine, wiki nyingine. Ni ya kweli na lazima isemwe, la sivyo kesho atapewa mtu mwingine rundo hilohilo, lakini ukiichanganya humu itanuka kisingizio.

Kuna mtu wa tatu ambaye katika barua yako umempa mistari michache tu. Yule mama aliyelala siku tisa. Omba uongozi umwambie kilichotokea, na uwe tayari kuwepo.

Utapoteza kitu. Sitakudanganya kwamba hutapoteza. Chapa hizo karatasi.

*

BARUA YA PILI, WIKI TATU BAADAYE

Mpendwa mshauri, nilichapa.

Nilimkuta uani anaanua nguo za watoto. Nikasema kama ulivyoniambia, sauti ikanitoka ndogo. Akaendelea kukunja. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia polepole." Nikarudia mara ya tatu, nikampa karatasi, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari mpaka alipofika kwenye jina langu. Akakaa kwenye ngazi, akaweka mkono kifuani, akasema, "Kwa hiyo mimi ni mzima." Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ileile damu ilipokosekana. Akahesabu kimoyomoyo, kama anavyohesabu chupa zake, midomo inatikisika. "Siku arobaini na moja." Akachukua mkoba wake, akaondoka na karatasi. Hakupiga kelele, mshauri. Ningependa angepiga.

Mume wangu hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Ungeniambia, ningekupeleka kwake mwenyewe, nikakusubiri nje." Tangu hapo tunaongea, ila kidogokidogo, kama watu waliohamia nyumba mpya.

Alhamisi fundi wa mitambo aliitwa, akaifungua historia ukutani watu wote wanaona, jina langu pale Ijumaa saa tisa na jina langu tena siku ya kumi. Mwenyekiti akamuomba radhi wifi yangu kwa mdomo na kwa barua, na barua ikasomwa mbele ya maabara nzima. Amerudi kwenye jokofu lake. Mimi nimepewa onyo la mwisho na kuondolewa kwenye mfumo, sasa niko chumba cha majalada, natafuta mafaili ya wagonjwa wa zamani kwa ngazi. Ile karatasi ya pili, ya mkuu wa kitengo na siku zake tatu, niliipeleka juma lililofuata. Folda sasa zinapangwa na watu wawili, na hakuna apu inayohamishwa kabla ya mwenye idara kuifungua na kutia sahihi. Mkuu wa kitengo akinikuta koridoni anatazama simu yake.

Kwa yule mama tulikwenda na daktari mkuu, nyumbani kwake. Alikuwa amempakata mtoto, alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Asante kwa kuja kuniambia. Sasa naomba uondoke." Nikaondoka. Kwenye gari daktari mkuu hakuwasha redio.

Wifi yangu haji kwetu. Watoto wanamuuliza shangazi yao, baba yao anawapeleka kwake Jumamosi, mimi nabaki. Lakini jana asubuhi tulipishana kwenye mlango wa maabara, mimi nimebeba mafaili hadi kidevuni, akanishikilia mlango nikapita, akasema, "Habari za asubuhi." Ni neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile uani. Nilisimama kama mti. Nilitaka kutupa mafaili nimkimbilie, nimwambie yote tena, nimwombe tukae mahali. Nifanye nini sasa?

*

JIBU

Usimkimbilie. Amekupa salamu, hajakupa zaidi ya salamu, na anajua kipimo cha anachotoa. Kesho wahi kazini. Mkipishana akikusalimia, itikia "Nzuri, wifi," upite na mafaili yako. Keshokutwa hivyohivyo. Asiposalimia, salimia wewe, na usigeuke kuangalia kama ameitikia.